Kitanda cha Bure Kule Liège

Jumapili ile Émile alipopokea kipaza sauti kanisani, mke wake Delphine alijua, kabla hata hajafungua mdomo, kwamba mambo yameharibika.

Kwa karibu miaka miwili Delphine alikuwa amepanga safari ya Ulaya jinsi mfungwa anavyochimba shimo la kutorokea: kidogo kidogo, kimya, na udongo anaumwaga mbali. Wangesafiri Februari, wakati wazungu wenyewe wanaikimbia baridi ya kwao na ndege zinabaki nusu tupu. Hawangepandia Lubumbashi, ambako tiketi huuzwa kana kwamba ndege yenyewe imetengenezwa kwa shaba tupu; wangevuka mpaka wa Kasumbalesa kwa basi, walale Ndola kwa binamu yake, wapandie huko. Tiketi zilikuwa za daraja la chini kabisa, zile zisizoruhusu begi kubwa, zisizorudishiwa fedha na zisizobadilishwa jina hata mwenye jina akifa. Makoti yalitoka kwenye mitumba ya mpakani. Na malazi, ambayo ndiyo huwamaliza wasafiri wengi, yalikuwa ya bure: sebule ya binti yao mkubwa, Cathy, anayeishi Liège na mwanamume wa Kibelgiji aitwaye Joris.

Katikati ya mipango hiyo Cathy akashika mimba, ya kwanza. Kwao, mtoto wa kwanza akizaliwa, mama mzazi ndiye humkanda binti yake kwa maji ya moto na kumwogesha mjukuu. Delphine mwenyewe alikandwa na mama yake hadi akapiga mayowe, na hakuna siku aliyopendwa kuliko ile. Cathy aliondoka akiwa msichana, na tangu hapo mama yake alimwona kwenye simu tu, mara nyingi akiwa amekatika nusu uso. Siku moja aliuliza kwa sauti ndogo, "Maman, utafika mbele ya mutoto kuzaliwa?" Tangu siku hiyo Delphine hakujinunulia hata kandambili.

Mpango ulikuwa na sheria moja tu: kutosema. Lubumbashi, mtu mwenye akili anayekwenda Ulaya huwaambia watu anakwenda Likasi, na huwaaga akiwa tayari mawinguni. Émile aliijua sheria hiyo. Lakini Émile pia alikuwa na imani, na imani yake ilikuwa ya aina ya kushuhudia mapema.

"Bandugu, Mungu iko muzuri!"

"Wakati wote!" kanisa likajibu.

"Mwezi wa pili, mie na mama, na batoto, Ariel na Exaucée, tutakuwa Ulaya! Visa iko mu mikono!"

Kanisa lililipuka. Kwaya ikaanza wimbo bila kuombwa. Katikati ya vigelegele vyote, kwenye benchi la nyuma, Edith, dada mkubwa wa Émile, ambaye nyumbani huitwa Yaya, aligeuza kichwa pamoja na kilemba chake chote, polepole, kama lango la chuma linalofunguliwa na askari.

Exaucée, mwenye miaka kumi na sita, aliyekuwa amerudi likizo ya Noeli kutoka bweni la masista, alimwinamia mama yake kwa unyenyekevu mkubwa. "Maman, tutokee mlango wa kwaya?"

"Nyamaza."

"Nilikuwa nasali tu."

Mchana ule ua wao wa mtaa wa Makomeno ulijaa. Ndugu walikuja na pongezi, na kila pongezi ilikuwa na mfuko: viwavi vilivyokaushwa vya kupeleka kwa kaka fulani aliyeko Namur, samaki wa moshi wa mpwa aliyeko Lille, unga wa mihogo wa mtu ambaye hakuna aliyekuwa na hakika anaishi wapi, ila ni huko huko.

"Hatuna begi," Delphine alisema mara ya kwanza kwa upole, na mara ya kumi bila upole.

"Ndege gani haina begi?"

"Ndege ya bei yetu."

Wakaondoka wakinung'unika kwamba watu wakipata visa hubadilika moyo. Mifuko waliiacha.

Edith alifika mwisho, na hakukaa. Kwa Waluba wa Kasai, shangazi si mwanamke tu wa upande wa baba; yeye ni tatu mukaji, baba wa kike, na Edith alikibeba cheo hicho kama afisa anavyobeba nyota mabegani.

"Mama Cathy, pongezi. Nimesikia, pale nyuma, pamoja na wageni."

"Yaya, tulikuwa tutakuja kukuambia."

"Lini? Mukiwa mu mawingu?"

Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli.

"Huyu Émile nilimusomesha na mikate," Edith akaendelea, akiuambia ua mzima. "Nilikaanga mikate ya mafuta ya kuuzisha mpaka moshi ikaniingia mu macho. Leo yeye iko na visa. Mie niko na macho ya moshi."

"Yaya, ni imani tu ilinisukuma," Émile akasema.

"Basi ikusukume tena kidogo, uniongeze."

"Tiketi haibadilishwi jina, Yaya," Delphine akasema.

"Sikuuliza weye. Niko naongea na mutoto wetu." Akajifunga upya kitenge chake. "Tutaonana siku ya Mposho. Nimeita baraza."

*

Baraza la familia lilikaa Jumamosi, hiyo siku ya Mposho, sebuleni kwa Émile, kwa sababu ndiko wangepikiwa. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa Alphonse, mstaafu wa reli, mzee mwenye heshima ambaye miaka yote ya utumishi wake ilimfundisha kwamba hakuna jambo lisiloweza kucheleweshwa. Kando yake aliketi Doudou, mdogo wake Émile, anayefanya kazi katika ofisi ya kampuni ya madini na ambaye kwa miaka mingi aliahidi kuipeleka familia nzima Ulaya kwa pointi zake za ndege.

Edith hakuanza na hasira. Alianza na swali, kama hakimu.

"Émile, kule mutalala wapi?"

"Kwa Cathy!" Émile akasema kwa furaha. "Bure kabisa!"

Delphine alifumba macho.

"Kwa Cathy. Na Cathy analala wapi?"

"Kwa... kwa Joris."

Edith aliliacha jina hilo likae chumbani kama mgeni asiyekaribishwa. Kisha akageukia wanawake.

"Mama mukwe atalala mu nyumba ya mukwe. Mumesikia? Atamusikia mukwe anakoroma. Asubui atakutana naye mu kolidoo, mukwe ametoka kuoga, amejifunga taulo!"

"Eeeeh!" wanawake wakapiga ukelele. Baba Alphonse alitetemeka mabega, na aliyemtazama vizuri angeona kwamba alikuwa ameiona taulo.

Ikumbukwe, kwa faida ya wale waliolelewa ovyo, kwamba kwa Waluba mama mkwe na mkwe wake wa kiume huoneana haya. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Delphine alilelewa hivyo. Hata kwenye simu, Joris alipopita nyuma ya Cathy, yeye alifunika kioo kwa kidole gumba. Lakini katika hesabu zake zote za safari alikuwa ameifikiria nyumba ile kama ya Cathy, na katika miaka miwili ya mipango hakuwahi kujiuliza ni nani anayelipa kodi.

"Mbuzi ya kuondoa haya iko wapi?" Edith akauliza. "Mukwe analeta mbuzi. Baraza inaikula, kila mutu anaona. Pale njo mama mukwe anaweza kulala mu nyumba yake na kula mu chungu chake. Ule Joris ameleta nini? Ata kuku? Ata yai?"

"Yaya, Cathy anakaribia kuzaa," Delphine akasema. "Atakuwa peke yake."

"Azae. Mie sijamuziba. Mulale hoteli."

Watu wakacheka. Wiki moja ya hoteli kule ingemeza karo ya watoto wote wawili, na Edith alilijua hilo vizuri kuliko yeyote aliyecheka.

Doudou akakohoa kama mtu mwenye suluhisho. "Mie naona mungoje mwezi wa saba. Pointi zangu zitakuwa zimetimia."

"Tonton," Exaucée akauliza kutoka mlango wa jikoni, akiwa ameshika sinia kama mtumishi wa altare, "pointi zako zimeshamfikisha nani, wapi?"

"Zinakusanyika."

"Tangu nikiwa shule ya chekechea?"

"Haiko mutu anapanda ndege leo na kesho anapewa ya bure! Kila ukisafiri kwa kazi, banakuandikia pointi."

"Na umesafiri mara ngapi, Tonton?"

Ilifahamika kwamba Doudou alisafiri mara moja, kwenda Kalemie, na kurudi alirudi kwa lori. Yeye hakukana, lakini alisema watoto wa bweni wa siku hizi hawana adabu.

Baba Alphonse alitoa uamuzi kwamba safari isimame mpaka mbuzi wa mkwe aonekane. Delphine alimtazama mume wake. Émile alikuwa akikagua viatu vyake, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana.

*

"Ungesema neno moja," Delphine alimwambia Émile kesho yake asubuhi, akichambua mboga kwa nguvu isiyohitajika.

"Ni yaya yangu. Alinisomesha."

"Na Cathy ni nani yako?"

"Tutamuelewesha. Cathy ana akili."

Delphine alifuta mkono, akachukua simu, akamnyooshea. "Mueleweshe."

Émile hakuipokea. Alikumbuka ghafla kwamba kuna fundi anamngoja mjini.

Peke yake na mboga, Delphine aliyarudia maneno ya Edith, moja moja, jinsi mtu anavyotafuta jiwe katika mchele. Edith alikuwa amesema mengi, maana alipenda kuonyesha kwamba mila anaijua yeye. Mkwe alete mbuzi. Baraza limle. Kila mtu aone. Hakusema lazima mkwe awepo. Hakusema lazima baraza liambiwe kabla ya kula. Na kuhusu mahari hakusema neno, kwa sababu hasira ilimharakisha kufika kwenye taulo.

Akapiga simu Liège. Cathy aliposikia mambo ya mbuzi alianza kulia kwa hasira. "Tante Edith anataka nini? Nizae chini ya meza yake?"

"Nipe huyo bwana."

"Joris? Maman, weye unataka kuongea na Joris?"

"Mpe simu. Asionyeshe uso."

Delphine akafunika kioo kwa kidole gumba na kugeukia ukuta kwa usalama zaidi. Kisha, kwa Kifaransa chake cha shule, akamwambia baba wa mjukuu wake maneno ya kwanza ambayo amewahi kumwambia.

"Joris, nahitaji mbuzi kutoka kwako."

Joris akauliza: "Mbuzi mzima?"

"Kwanza mzima. Baadaye hapana."

Akamweleza yote: Edith, haya, kitanda. Joris alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akauliza, "Mmoja atatosha?"

Hapo, akiwa amegeukia ukuta, Delphine alimpenda kidogo.

Fedha zilifika kesho yake. Delphine alinunua beberu wa madoa kwa mfugaji wa njia ya Kipushi, na hakumwambia Émile yule mbuzi ametoka kwa nani, kwa maana angeshuhudia. Alimwambia tu kwamba Mwaka Mpya umefika, na kwamba anataka kupatana na familia. Émile aliguswa sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliita baraza tena, kwa simu, huku sauti ikimkwama kwa upendo.

*

Jumamosi iliyofuata, kila aliyeingia alimpita mbuzi amefungwa langoni, akipiga kelele kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Edith, aliyekuja mapema ili akague maandalizi, alimpapasa mgongo.

"Huyu iko na mafuta. Kumbe feza inakuwasha."

"Ametoka kwa mtu wa heshima, Yaya," Delphine akasema.

"Mutu wa heshima na weye munajuana wapi?"

Mbuzi alichinjwa uani, mbele ya macho ya wote, akapikwa. Chakula kilipoandaliwa, ugali wa bukari ukiwa bado unatoa mvuke na sombe ya majani ya mihogo kando, baraza lilitulia kwa namna ambayo sala hazijawahi kulituliza. Baba Alphonse alikula kama mwenyekiti. Doudou alikula kama mtu anayekusanya pointi. Edith alikula huku akiendelea kupigana.

"Nyama tamu haibadilishi kitu," alisema akitafuna. "Mama Cathy asifikiri atatununua na mchuzi. Kwa mukwe halali."

"Ongeza kidogo, Yaya."

"Weka. Kwa mukwe halali."

Delphine alingoja hadi kila mkono uliokuwemo chumbani ulipokuwa umeingia sahanini si chini ya mara mbili. Kisha akanawa mikono, akaisimamisha simu yake dhidi ya jagi la maji, akapiga, na yeye mwenyewe akaigeuzia mgongo, kama inavyompasa mama mkwe mwenye adabu.

Kwenye kioo alitokea kijana wa Kizungu aliyevaa tai, ameloa jasho, na pembeni yake tumbo la Cathy.

"Moyo wenu!" akasalimu, kwa Kiluba ambacho bila shaka alikifanyia mazoezi juma zima. Kisha akasoma kwa sauti ya mtoto anayesoma somo kanisani: "Baba Alphonse. Tatu mukaji Edith. Mimi Joris. Mbuzi munakula ni mbuzi yangu. Naondoa haya. Asante kwa kula."

Mikono ilisimama. Kitu pekee kilichosikika ni mfupa uliodondoka sahanini kwa Doudou.

"Umenilisha!" Edith akaruka juu. "Delphine, umenilisha!"

Lilikuwa jina lake tupu, bila Mama mbele, na kila mtu alilisikia.

"Yaya, ulikula mwenyewe. Uliongeza."

"Umenilisha mbuzi ya siri!"

"Siri gani? Alikuwa analia langoni, mtaa mzima unamsikia. Ulimshika mgongo."

"Hakuna mbuzi bila mahari!"

"Ulisema mbuzi. Nilikuwa hapa. Mahari hukusema."

"Sasa njo nasema!"

"Umechelewa. Umeshakula."

"Mwizi weye! Toka siku Émile alikuleta hapa nilisema, huyu mwanamuke iko na kichwa cha mwizi!"

"Na wewe ulitaka Cathy azae peke yake kama mbwa, kwa sababu hukutangaziwa wa kwanza!"

Émile alisema "Jamani" mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyejua anamwambia nani. Wote wakamgeukia mwenyekiti. Baba Alphonse alikuwa na pande la nyama mdomoni. Akilitema, mbuzi amekataliwa na aibu itavuka hadi Ulaya ikiwa imebeba jina lake. Akilimeza, yamekwisha. Alimtazama Edith, akamtazama Delphine, akatazama sufuria, ambayo bado ilikuwa na nusu.

Akameza, na huo ndio ulikuwa uamuzi wa baraza.

"Mie nimekula," akasema baada ya kunywa maji. "Mahari itakuja na njia yake. Haya imetoka. Mama Cathy alale."

Edith akachukua mkoba wake. Kwa mara ya kwanza Delphine aliona kwamba yale macho mekundu kweli yaliharibiwa na moshi. Hakutaka kuona hivyo. Alikuwa bado na hasira na alitaka kubaki nayo.

"Muende. Baridi iwakate masikio. Émile, mie nakuuliza mara moja tu: unafuata huyu, ama unabaki na damu yako?"

Émile alisimama. Aliangalia viatu vyake, kisha, kwa jitihada iliyoonekana shingoni, akaacha kuviangalia.

"Cathy pia ni damu yangu, Yaya. Ninaenda kumuona."

"Vizuri. Mikate yangu nilitupia mbwa."

Akatoka. Alivuka ua, akafika langoni, akalishika komeo. Hapo akasimama. Baraza zima lilikuwa limejaa dirishani. Alikaa vile muda, mgongo ukiwa kwao, kisha akarudi kwa hatua za mtu anayedai haki yake mahakamani.

"Muguu iko wapi?"

"Mguu gani, Yaya?" Delphine akauliza.

"Mbuzi ya mukwe, muguu wa nyuma ni wa tatu mukaji. Mubichi! Haukatwi, haupikwi, haupewi na sombe! Mie umeniwekea shingo, kama mupita njia. Hamujui ata kugawanya mbuzi, na munataka kwenda Ulaya!"

Hakuna aliyecheka. Hata Exaucée, ambaye angelipa kwa likizo yake yote ili acheke, aliuma ncha ya kitenge. Kwa maana Edith, katika hasira yake ya kupewa shingo, alikuwa amemwita mbuzi yule kwa jina lake: mbuzi wa mkwe.

Delphine aliingia jikoni. Chini ya beseni, juu ya majani ya mgomba, mguu wa nyuma ulikuwa umelala mzima, mbichi, haujaguswa na kisu. Alikuwa ameuweka kando tangu asubuhi. Angeupeleka yeye mwenyewe, ungekuwa hongo, na Edith angeutupa barabarani mbele ya watu. Ilibidi audai.

Akautoa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Edith aliupokea bila kumtazama, akaunusa, akaugeuza.

"Kwato haijasafishwa," akasema. Hakusema asante. "Doudou! Weye wa pointi! Kuya beba."

Doudou alibeba. Lango lilifungwa kwa kishindo, na kwa muda mrefu sauti ya Edith ilisikika barabarani, ikigombana na dereva wa teksi aliyekataa kuweka nyama juu ya kiti.

Simu ilikuwa bado imesimama dhidi ya jagi. "Maman?" Cathy alikuwa akiita. "Maman, kumetokea nini huko? Nani anapiga kelele? Munakuja ama hapana?"

"Ni shangazi yako," Delphine akasema, akiwa bado amekipa kioo mgongo. "Amepokea mguu."

Kisha akasikia Cathy akimweleza Joris kwa haraka, kwa Kifaransa, na kilio kikiwa kimechanganyika ndani ya maneno, na mlango wa kabati ukifunguliwa, na kitu kizito, labda godoro, kikiburutwa sakafuni.

Nyuma yake Baba Alphonse alikuwa akiuliza kama mchuzi umebaki.